Mama mkwe upande mmoja, mimi upande mwingine, waipa katikati

Leo nimemfokea mama mkwe njia nzima, na ni yeye aliyeniomba.

Tulikuwa tunatoka Ndanai kwenda hospitali ya Kaplong. Mke wangu, aliyekuwa tayari amelazwa huko, alishikwa na uchungu asubuhi, na mama yake alitaka afike kabla ya mtoto.

Mvua ikaanguka. Waipa za kioo cha gari zikakataa.

Nikabadilisha fyuzi. Mota ikavuma vizuri, lakini waipa hazikusonga. Chuma kinachoziunganisha na mota kilikuwa kimechomoka, na spana nimeacha nyumbani.

Basi nikafunga waipa kwa kamba za ng'ombe. Moja ikapitia dirisha langu. Nyingine ikapitia dirisha la kiti cha nyuma, upande wa pili, kwa mama mkwe, ambaye kwa heshima alikaa mbali nami kadiri gari linavyoruhusu.

Mimi navuta, yeye anavuta.

Shida ni kwamba sisi Wakipsigis hata mkono hatupeani na mama mkwe. Sasa utamwamuruje? Nikawa nakohoa ili ajue ni zamu yake.

Kikohozi hakikueleweka; nusura tuingie mtaroni.

"Kijana," akasema, "sema tu vuta. Mtoto hatangojea adabu yako."

"Vuta," nikasema.

"Sauti! Kwani unaomba chumvi?"

"Vuta, mama! Vuta!" Mpaka getini.

Tulimtangulia mtoto. Ni msichana. Mama mkwe akampakata, akacheka, akainua macho akaniona, akageukia ukuta.

Nje bado inanyesha, na kurudi ni kwa kamba zile zile. Wenye wakwe, mnasemaje?