Mgema Aliyevaa Barua ya Posa

Jamani, aibu hii nimeikalia muda mrefu, leo naitoa, nanyi chekeni mpaka mchoke, mimi nilishachekwa na Msambweni nzima.

Miaka ile ya hamsini gari la sinema la serikali lilikuja kwetu, na mwenye mtambo akanionyesha utepe wake, kumbe picha zenyewe zimelala tu, ndogo ndogo, kila moja imesogea kidogo kuliko mwenziwe. Nikasema, ni hili tu? (Darasa la nne nilitoka wa pili, msinione hivi.) Nikakata wagema arubaini wa karatasi, nikawabandika kwa uji wa muhogo kwenye vipande vya daftari, huyu yuko chini ya mnazi, yule kapanda kidogo, yule kapanda zaidi, mpaka juu anakogida tembo kwenye kibuyu, kisha anaporomoka. Nikavishona pamoja, ukiviachia kwa kidole gumba, vrrr! mtu anapanda, analewa, anaanguka.

Kasoro moja: mgema alikuwa uchi. Nikapekua kasha la Baba, nikapata karatasi nene yenye herufi za Kiarabu zilizopindapinda, nikaona hiki ndicho kikoi cha maua, nikaikata vipande, kila mgema na kikoi chake. Nilijua ni barua ya posa ya dada yangu Mwanasha, sikatai, lakini si ilishasomwa? Ya nini tena? (Mstari wa Bismillahi niliurudisha kashani. Mimi mtundu, si kafiri.)

Ijumaa baada ya swala wazee wa mume wakaja kutoka Mwabungo kuchukua jibu, wameongozwa na Mzee Salimu, mjomba wa kijana anayeposa, ndiye aliyeiandika barua. Dada alikuwa ameshanikamata sikio uani: "Huyu ndiye nimtakaye. Leo usinitie aibu!"

"Mimi tena, Dada?"

Tumekaa barazani, Baba akasema, "Mama Mwanasha, ilete barua tuisome mbele ya watu, ndipo tujibu."

Hilo la kusomwa mara ya pili sikulijua! Mama akaingia ndani, akakawia, wageni wakaanza kutazamana, nami badala ya kukimbilia Ramisi kukata miwa, nikaona niwachangamshe. Nikatoa kitabu changu cha wagema.

"Shikamoo Mzee. Hebu tazama sinema ya nyumbani."

"Marahaba, mwanangu." Vrrr! Wazee wakacheka mpaka kofia zikaanguka. "Rudia! Rudia huyu mlevi!" Mzee Salimu akakichukua mwenyewe, akafungua polepole, polepole zaidi, akakisogeza karibu na macho.

"Huu mwandiko ni wangu."

Mama akatokea mlangoni na kipande chenye Bismillahi tu.

"Soma," Mzee Salimu akanirudishia kitabu. "Wewe si fundi? Soma posa yetu."

Nikasoma, nifanyeje? Mgema chini ya mnazi, kikoini: "kijana wetu." Mgema katikati: "mcha Mungu." Mgema na kibuyu mdomoni: "hajapata kuonja kilevi." Nyuma ya pazia nikasikia Dada analia.

Baba akainuka na bakora. Mzee Salimu akamshika mkono. "Mwache. Binti hana kosa. Nitaandika nyingine, ila aje kuifuata huyu, kwa miguu, na aseme mbele ya jamaa zangu alichokifanya."

Nikaenda Mwabungo, nikasema, nikazomewa na watoto wa chuo cha Kurani, nikarudi na barua imefungwa ndani ya leso shingoni, mafundo matatu, mkono wangu usiiguse. Dada alinipokea mlangoni. Hakunisalimu. Aliifungua, akaiinua kwenye jua, akaitazama yote kama ina tundu, ndipo akasema, "Haya, ingia ule."

Aliolewa, alhamdulillahi. Mimi kukata karatasi sijaacha, nani wa kuniachisha? Lakini sasa nakata gazeti, tena nililonunua mwenyewe, na kwanza nauliza nyumba nzima kama limeshasomwa, na wakinijibu limeshasomwa, bado nangoja siku tatu.