Mkono Usiofika Mdomoni

Nina rafiki mmoja aliyewahi kulipwa kwa kurusha mpira. Sijui kama bado ni rafiki, lakini neno jingine la kumwita sina. Ni mtu wa Jamhuri ya Dominika, mweusi, mrefu, mwenye mabega ya kuziba mlango, na kwa miaka mitatu tulifundisha michezo pamoja katika skuli moja ya binafsi hapa Maskati. Mkewe ndiye aliyepata kazi kwanza, ya kufundisha Kihispania. Yeye akamfuata, na skuli ikampa filimbi.

Watu wa huku besiboli hawaijui. Kriketi wanaijua, kwa sababu ya Wahindi wanaoicheza Ijumaa kwenye kila kiwanja chenye vumbi. Nilipowaambia jamaa zangu kwamba mwenzangu kazini alikuwa mrushaji katika ligi kuu ya Marekani, wote walidhani nazungumzia kriketi, nami nikachoka kueleza. Kazi ya mrushaji ni kumtupia mpira mgumu mtu aliyeshika kirungu, kwa kasi na kwa hila, ili asiupate. Ni hayo tu, na kwa hayo mtu anaweza kuvunjika.

Maisha yake alinisimulia vipande vipande, wakati wa mapumziko, tukiwa tumekaa kivulini nyuma ya ukumbi wa michezo. Alizaliwa katika mji wa kiwanda cha sukari, baba yake mkata miwa. Watoto wa huko walikuwa wakirusha soksi kuukuu zilizoviringishwa na kukazwa kwa uzi. Alipofika miaka kumi na sita walikuja Wamarekani na chombo cha kupimia kasi, wakamtazama akirusha, kisha wakamtaka mama yake atie saini kwa kuwa yeye bado alikuwa mdogo. Wakampeleka kwenye miji yenye baridi, ambako miezi ya mwanzo aliagiza chakula kwa kunyooshea kidole picha zilizobandikwa ukutani. Miaka saba alizunguka na ligi ndogo kwa mabasi. Minne akacheza ile kubwa, akamjengea mama yake nyumba ya matofali, halafu kiwiko cha kulia kikasema basi.

Walimpasua mara tatu. Mara ya kwanza walitoa kano mguuni wakaishona kiwikoni, akarudi kurusha. Mara ya pili akarudi pia, lakini kasi haikurudi naye, akaenda Meksiko kurusha kwa hila tu. Baada ya mara ya tatu mfupa uliota vibaya ndani ya kiungo. Alinionyesha wiki ya kwanza tu tuliyojuana: alikunja mkono, ukafika mbele ya kifua, ukagoma. Mkono ule uliweza kumpa mtu salamu, kuandika na kushika usukani. Mdomoni haukufika. Kula alikula kwa kushoto.

Naomba msomaji alishike hilo vizuri: nilijua.

Alipendeza kutembea naye. Nilimpeleka sokoni Matrah, na kila duka la tatu mtu akimwamkia kwa Kiswahili na kumuuliza yeye ni wa Unguja au wa Pemba. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye akajifunza kujibu "salama" na kupita. Aliniambia hiyo ndiyo nchi ya kwanza, mbali na kwao, ambayo watu walimtazama wakamdhania ni mtu wao.

Sasa nije kwenye Ijumaa yenyewe. Sisi ni watu wa Zanzibar tuliorudi Omani, au tuliokuja, inategemea anayesimulia. Nyumbani Kiswahili, ofisini Kiarabu. Mwaka ule nilikuwa nimepeleka posa kwa watu wa ndani, upande wa milimani, ambao hawajawahi kuvuka bahari kwenda popote. Watu wa namna hiyo hututania sisi Wazinjibari, kwamba tunatia nazi kila kitu na tunazungumza kwa sauti. Ni utani tu, lakini umetufundisha ugonjwa mmoja: mbele yao tunataka kuwa na adabu kuliko wenye adabu. Baba wa msichana alikubali kuja kula kwetu Qurum, yeye na ndugu zake wawili, watutazame. Jibu la posa lilikuwa halijatoka.

Rafiki yangu nilikuwa nimeshamwalika Ijumaa hiyo hiyo, na mgeni hafutwi. Isitoshe, nilitaka kujigamba naye. Asubuhi alinipigia simu akauliza kama kuna jambo anapaswa kulijua kabla ya kuja. Nikamwambia aje na njaa tu. Haikunipitia akilini kumwandalia sahani na kijiko, kitu ambacho mama yangu angekifanya kwa nusu dakika.

Alifika sinia la pilau likiwa limeshawekwa chini. Tukakaa sita kulizunguka: baba yangu, wageni watatu, yeye na mimi. Bismillahi. Akanyoosha mkono wa kushoto, akachukua wali, akala. Mikono mingine ikasimama. Baba wa msichana hakukunja uso hata kidogo. Alinigeukia mimi, akasema kwa Kiarabu, kwa upole kabisa, "Mwambie mgeni wetu, kwa uzuri, ale kwa mkono wa kulia."

Mwenye udhuru ana udhuru wake, hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua. Maneno matatu yalitosha: mkono wake mgonjwa. Mzee angesema "Mungu amponye", na tungeendelea kula. Sikuyasema. Niliogopa mazungumzo yangehamia kwake, kwamba ningeanza kueleza mpira wa kulipwa na viwiko vya kushonwa, na wageni wangeona nimeleta mcheza mpira kwenye chakula cha posa. Hiyo ni nusu. Nusu ya pili nimekaa nayo miaka bila kuitamka: alikuwa mweusi, amekaa bega kwa bega na mimi, na niliogopa wasije wakadhani ni wa kwetu. Mimi, ambaye bibi mzaa baba yangu alikuwa na rangi ile ile.

Nikamwambia kwa Kiingereza, "Mkono wa kulia, tafadhali."

Alinitazama. Hakukasirika. Alikuwa anangoja nimalizie, niwageukie wale na kuwaeleza. Nilipojimegea nyama alipangusa mkono wa kushoto, akaurudisha gotini, akatia wa kulia kwenye sinia. Akabana tonge, akainua mpaka pale mkono ulipogoma, kisha akainamisha shingo na kuufuata. Nusu ya wali ikamwagika kwenye shati lake jeupe alilolipiga pasi kwa ajili yetu. Akafanya hivyo tena, na tena.

"Ana nini?" akauliza mzee.

"Hajazoea," nikajibu. "Kwao hawajali mambo haya."

Nilisema hivyo, kwa Kiarabu safi ambacho rafiki yangu hakukielewa, na mdomo wangu haukuanguka. Baada ya matonge matatu alisema ameshiba. Alingoja wengine wamalize, akamshukuru baba, akampa mkono, akaondoka.

Wageni walipotoka baba alifunga mlango wa barazani. "Hebu nambie. Mkono wa yule kijana una nini?"

Nikamwambia.

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilijua, baba."

"Mtu nnamwona anaramba kiganja chake mbele yangu, nyumbani kwangu, na wewe umekaa unatafuna nyama!" Baba si mtu wa kupandisha sauti. Siku ile walimsikia mpaka jikoni. "Kesho asubuhi uende kwake. Usimpigie simu, uende!"

Sikwenda. Jumamosi nilijiambia yuko na mkewe, nisimsumbue. Jumapili skuli alinisalimu kama kawaida, nami nikaona ameshasahau, kwa sababu ndivyo nilivyotaka iwe. Ila saa ya chakula hakuja kivulini. Nilimwona kupitia dirisha la ofisi: alikuwa ndani ya gari lake, injini inanguruma kwa ajili ya kiyoyozi, vioo juu, anakula. Miaka miwili alikuwa amekula mbele yetu sote kwa kushoto, bila kujificha. Tangu Jumapili ile mpaka mkataba wake ulipokwisha alikula garini. Walimu wengine waliniuliza kama tumegombana, nikasema anapenda utulivu.

Akarudi kwao kufundisha vijana kurusha. Posa ilikubaliwa, nikaoa, na Mwenyezi Mungu amenipa mke mwema kuliko ninavyostahili.

Ulipita mwaka. Siku moja tuko kwa mkwe wangu, tumemaliza kahawa, akaniuliza yule mgeni wa siku ya kwanza yuko wapi, mbona harusini hakumwona. Alitaka tumwalike. Ningeweza kusema amehama, na ingekuwa kweli. Sijui ni kitu gani kilinisukuma, labda nilikuwa nimechoka kumwona mzee yule akinisifu. Nikamweleza habari yote, kiwiko, upasuaji, na kwamba nilijua.

Mzee alisukuma kikombe kando. Kisha akasema, "Basi ni mimi niliyemtesa mtu kwenye chakula. Na wewe ukaniacha nimtese, mimi sijui."

Hilo sikuwahi kulifikiria. Nilikuwa nimehesabu niliyemkosea mmoja, kumbe wawili. Nikataka kusema kitu, akaninyanyulia mkono.

"Namba yake unayo?"

Ninayo. Huku ilikuwa alasiri, kwao asubuhi. Rafiki yangu akapokea simu ya picha akiwa uwanjani, kofia kichwani, na alipoona ni mimi alitabasamu kweli. Mzee akaichukua simu kutoka mkononi mwangu, akaishika kwa mikono miwili karibu na uso kama wazee wanavyofanya. Akazungumza kwa Kiarabu, polepole, nami nikatafsiri: kwamba alimlazimisha jambo ambalo mwili wake hauliwezi, kwamba alikuwa hajui, lakini kutojua hakumpunguzii haya, na kwamba anamwomba amsamehe kabla mmoja wao hajafa. Sauti ya mzee ilitetemeka. Yangu ilikuwa imara, kwa sababu nilikuwa natafsiri tu.

Rafiki yangu alivua kofia. "Mwambie hakuna kitu," akasema. "Mwambie yeye hakujua."

Nikatafsiri na hilo pia, neno kwa neno. Mzee akashukuru Mungu, akanirudishia simu, akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. Kwenye kioo tukabaki wawili. Alinitazama na kungoja kidogo, kama siku ile kwenye sinia.

"Na wewe?" akaniuliza. "Hujambo?"

"Sijambo," nikasema. "Sisi huku wazima wote."