Nani Amekaa Juu ya Shimo

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya samadi kavu niliyobeba kichwani, na kwa sauti ya bibi yangu akiongea peke yake. Nitakufikisha huko, mwanangu, usiniharakishe. Kwanza weka hiyo simu. Najua una oda za keki huko Chimwaga, za harusi na za watoto, mpaka unasinzia umesimama mbele ya jiko la gesi. Umenieleza mwenyewe, tena kwa kujisifu. Ukanieleza na habari za yule binti mliyekuwa mkisaidiana naye, kwamba umemwondoa kwa sababu muda mwingi anakaa tu. Nikanyamaza. Usidhani nilinyamaza kwa kukubali.

Dada yangu Yunis alikuwa mfinyanzi. Tulikaa upande wa Haneti, na mitungi yake ilijulikana minada yote ya huko. Ulitia maji asubuhi, na mchana jua likiwaka ulikunywa maji baridi mpaka meno yanauma. Biashara ilikuwa yake peke yake: alichimba udongo mwenyewe, akafinyanga mwenyewe, akachoma, akauza. Mumewe alikwenda Kongwa kutafuta kibarua cha kuchunga ng'ombe, akanogewa huko, hakurudi. Alimwachia watoto wadogo na nyumba ya tembe, ile ya paa la udongo, inayovuja. Yunis alitaka kitu kimoja tu, aezeke bati kabla ya mvua ili watoto walale pakavu. Baadaye watu walisema alikuwa na tamaa. Waongo wakubwa! Hakuwa na tamaa, alikuwa na watoto.

Udongo wetu ulitoka kwenye shimo bondeni, kando ya korongo. Udongo mzuri uko chini. Juu yake kuna ule mwekundu usiofaa kitu. Inabidi uuondoe huo wa juu kwanza, sehemu pana, ndipo uufikie wa kazi. Ni kazi ya kuchosha, haina faida unayoiona kwa macho. Na kwetu hakuna aliyeingia shimoni peke yake. Mmoja akichimba, mwingine hukaa juu ukingoni. Kazi yake kutazama udongo na kuongea. Ndiyo, kuongea, usicheke. Anapiga soga na aliye chini, umbea wote wa kijiji unaishia pale, na aliye chini lazima ajibu. Aliye juu akiona punje zinadondoka zenyewe, au ufa mwembamba umejichora ukingoni, anapiga kelele na mwenzake anatoka mbio. Juu ya shimo la Yunis nilikaa mimi.

Basi akaja Bwana Rajabu, mfanyabiashara wa Kondoa aliyekuwa akipita na lori kila siku ya mnada. Mtu mpole, wa salamu ndefu. Alichukua mitungi ya dada akaipeleka Dodoma mjini, ikaisha yote. Akarudi akasema, "Dada Yunis, watu wa mjini wameipenda. Ukiwa nayo mingi zaidi, mimi nitabeba."

Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Hakutaja siku. Aliyetaja siku ni Yunis. "Mnada ujao utaikuta lori zima," alimwambia, na furaha aliyokuwa nayo hata mimi iliniambukiza.

Sasa sikiliza mambo yalivyoharibika, maana hayakuharibika kwa mara moja. Mtungi unataka ukauke kivulini, taratibu. Yunis akaianika mitungi yake juani. Ikaingia motoni bado ina unyevu, ikapasuka mingi, tukawa tunasikia pa! pa! ndani ya moto na yeye ameshika kichwa. Iliyopasuka ikabidi afinyange mingine. Kufinyanga mingine kukataka udongo mwingine. Na ili aufikie udongo kwa haraka akaacha kuondoa ule mwekundu wa juu, akawa anachimba kwa kuingia chini yake kama panya. Juu ya kichwa chake pakabaki dari ya udongo isiyoshikwa na kitu.

Nikamwambia, "Dada, nifundishe na mimi kufinyanga, tuwe wawili."

"Nitakufundisha mdogo wangu, lakini siyo sasa. Kukufundisha ni kupoteza siku. Baada ya mnada."

Kila kitu kikawa baada ya mnada. Kula kwa utulivu, baada ya mnada. Kwenda kanisani, baada ya mnada. Mwanawe wa mwisho alikuwa akikohoa, naye akaambiwa hivyohivyo.

Asubuhi moja akanitoa ukingoni. "Nenda ukaokote samadi ya kuchomea," akasema. "Mtu mzima na mikono yake yote, anakaa kutwa anatazama udongo!"

Bibi yetu alisikia. Ndiye aliyemfundisha Yunis ufinyanzi. Wakati huo macho yake yalikuwa yameingia ukungu na masikio yamekuwa mazito, lakini hilo alilisikia vizuri sana. Akamwita.

"Nani amekaa juu?"

"Bibi, naingia na kutoka. Ni haraka tu."

"Sikukuuliza habari ya haraka. Nani amekaa juu?"

Yunis akajifunga kanga kiunoni.

"Ulipokuwa na mitungi michache ulikuwa na mtu wa kukutazama," Bibi akasema. "Sasa unayo mingi na mtu huna. Huko ndiko kukua, Yunis, au ndiko kupungua?"

Dada aligeuka. Alichukua karai na jembe akaondoka amenuna. Bibi naye akashika fimbo yake, akamfuata polepole huku akipapasa njia. Mimi nikaenda zizini kutafuta samadi.

Niliporudi jua lilikuwa la utosi. Nikamkuta Bibi amekaa ukingoni, amenyoosha miguu, anaongea. "Nimekusema kwa sababu nakupenda," alikuwa akisema. "Karai umelitupa kwa hasira, kishindo nimekisikia. Haya, tupa. Lakini nijibu, mjukuu wangu. Yunis? Hata kunijibu hutaki?"

Nikatazama mbele yake. Shimo halikuwepo. Palikuwa na udongo mwekundu umejaa hadi karibu na juu, na ncha ya mpini wa jembe.

Nilichimba kwa kucha. Wanaume walikuja na majembe, wakamtoa, alikuwa ameshakwenda. Na muda wote huo Bibi alikuwa akishika kila mkono unaopita karibu yake, akiuliza, "Amejibu?" Mwanangu, mimi leo ni mzee, nimezika watu wengi. Swali hilo bado linaniuma.

Siku ya mnada lori likaja. Bwana Rajabu akatukuta matangani. Tulipomweleza, alikaa chini vumbini na kanzu yake nyeupe. "Lakini mimi sikuwa na haraka," akasema. "Angeniambia tu. Ningesubiri." Akalirudia neno hilo mpaka shangazi mmoja akamwomba anyamaze. Mvua zikaanza, tembe ikavuja kama kawaida yake. Watoto nikawachukua mimi. Bibi hakufika mavuno.

Hasira yangu haijaisha, nakuambia ukweli. Namkasirikia dada yangu mpaka leo, na namlilia. Angenifundisha mwaka ule, tungekuwa wafinyanzi wawili mwaka uliofuata, na bati lingekuja, limechelewa, lakini lingekuja juu ya kichwa chake.

Basi mwanangu, biashara yako ni wewe. Ukianguka wewe, hakuna tawi jingine la kuendelea. Ikue, siikatai, lakini ikue kwa kadiri unavyoweza kuibeba na bado ukalala na kula. Mteja akitaka zaidi, mwambie siku ya kweli, siyo siku ya kumfurahisha. Anayekupenda atangoja, na asiyengoja mwache aende kwa mwingine. Kazi ya kuchosha isiyoonekana, ile ya kuondoa udongo wa juu, usiiruke hata siku moja. Na huyo binti mrudishe kesho. Usimrudishe kuwa mtumwa wa kuosha masufuria, mfundishe keki, hata kama utapoteza siku. Akikaa kidogo akakutazama, mwache akutazame. Siku utakayosinzia jiko likiwaka, yeye ndiye atakayekuita.

Haya, inama nikuwekee mkono. Mungu abariki mikono yako, na unga wako, na moto wako usikudhuru. Akujalie wateja wenye subira na usingizi wa kutosha. Na kila utakaposhuka kwenye shimo lako, awepo mtu juu anayeona vizuri, na wewe uwe mzima wa kumjibu. Sasa mpigie huyo binti. Piga hapahapa, nisikie.