Chapati za Jana kwa Mzazi

Kwangu chapati za maji haziliwi zikaisha siku ileile. Nikikoroga unga nakoroga wa watu kumi hata kama tuko wanne, na wanangu wameshaacha kuniuliza kwa nini. Ni watu wazima sasa, wana majumba yao, lakini wakija kunisalimia hufungua kabati langu la wavu kabla hata hawajakaa, kutazama kama kuna za jana. Wakikuta hakuna wananuna kama watoto. Mimi huwacheka, kisha nawashukuru kimoyomoyo wanawake wawili.

Wa kwanza ni mama yangu mzazi. Tulikaa Shirimatunda, pembeni mwa mji wa Moshi, na baba alikuwa mfanyakazi wa kiwandani mpaka kiwanda kilipopata mwenyewe mpya, naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Alirudi na buti zake mkononi, akakaa barazani wiki nzima akiyatazama mahindi ya uani. Mama hakukaa. Aliweka jiko la mkaa chini ya dirisha, akaanza kukaanga chapati za maji na kuziuza kwa chai kwa watu waliokuwa wakiwahi kazini. Siku za mvua wateja walipita mbio wakiwa wamejifunika magunia, chapati zikabaki, na hizo zilizobaki ndizo zilizotulea.

Msidhani tulizila vivi hivi. Mama alikuwa na maringo yake. Alisema chapati ya jana haina kosa, mwenye kosa ni asiyejua kuiamsha. Aliiviringisha kama mkeka, akaikata nyembamba nyembamba, akaikaanga na kitunguu na nyanya, akavunja yai moja juu yake kwa ajili ya watu sita, nasi tukajiona tunakula tambi za hotelini. Siku ya maharage alizichana vipande akavitumbukiza kwenye mchuzi dakika za mwisho. Na Jumapili, kama zilibaki za kutosha, alizipanga ndani ya sufuria, tabaka la chapati na tabaka la ndizi mbivu, akamwagia maziwa yenye sukari na hiliki, akafunika, akaweka makaa juu ya mfuniko. Ilipoiva hiyo ulisikia vijiko tu. Siri yake ilikuwa moja: chapati lazima ilale. Ukiikata ya moto inavurugika, lakini ikilala inakaza mwili na kunywa mchuzi bila kupasuka.

Wa pili ni mama mkwe. Niliolewa juu mlimani, kwenye kihamba, shamba la ukoo lenye migomba, ng'ombe wawili, na mibuni ambayo mama mkwe aliigombeza kila siku kwa sababu ya bei mbaya lakini hakuthubutu kuing'oa. Alikuwa mjane, mwembamba, mwepesi wa miguu, na mwenye maneno machache. Mume wangu alifanya biashara Tarakea, mpakani, wakati ule mipaka ilipolegea na kila mtu akajifanya mfanyabiashara. Alirudi Jumamosi na kuondoka Jumatatu, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake wawili ambao hawajazoeana.

Nikajifungua mtoto wa kwanza. Kwa Wachaga, mwanamke aliyejifungua anaitwa mzazi, naye hukaa ndani miezi mitatu akilishwa. Halimi, hachoti maji, hakati majani ya ng'ombe. Kazi yake ni kula na kunyonyesha, na mwenye kumlisha ni mama mkwe. Siku ya kutoka, watu hawamtazami mtoto kwanza, wanamtazama mama mashavu. Akiwa amenawiri wanasema, mama mkwe wake ni mtu. Akitoka amekonda, huyo mama mkwe aandike maumivu, atasemwa mpaka kaburini.

Basi nikalishwa. Asubuhi mtori, mchana mtori, jioni mtori, ndizi zimepondwa na mchuzi wa nyama mpaka kijiko kinasimama. Katikati yake mlaso, damu iliyopikwa kwa maziwa na samli, ambao wanawake wa pale huunywa huku wakifumba macho kwa raha. Mimi niliyafumba kwa sababu nyingine. Wiki ya kwanza nilijikaza. Wiki ya pili nikaanza kutapika. Wiki ya tatu harufu ya samli peke yake ilinigeuza tumbo, na maziwa yangu yakaanza kukauka. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia. Tulipompeleka kwenye zahanati akapimwe, muuguzi aliitazama mizani, akanitazama mimi, akasema, "Mama usipokula, huyu atakula wapi?"

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na hasira za kutosha watu watatu. Nilimkasirikia muuguzi, nikaukasirikia mlima, nikamkasirikia hata mume wangu aliyekuwa Tarakea akiuza ndoo za plastiki. Tulipofika nyumbani mama mkwe aliketi kwenye kigoda mbele ya kitanda changu.

"Sema unachotaka, mwanangu. Hata kama ni maini ya kuku, nitamchinja."

"Nataka chapati ya jana," nikasema, nikaanza kulia.

"Ya jana? Kiporo?"

"Ndiyo, mama."

"Mzazi ale kiporo nyumbani kwangu?"

Aliinuka akatoka. Nilimwelewa. Pale mlimani kiporo ni cha mbwa, au cha aliyechelewa kurudi shambani. Mzazi hula kilichotoka motoni sasa hivi, na mama anayemlisha vingine anahesabiwa kuwa anamdharau, au anamuua njaa.

Alasiri ile nikasikia mafuta yakilia jikoni. Alikuwa amekoroga unga wa ngano ambao mwanawe aliuleta kutoka Tarakea. Chapati zake za kwanza, Mungu anisamehe, zilikuwa nene kama soli ya kandambili. Hakunipa. Alizifunika kwa sahani, akaziweka kabatini, zikalala. Asubuhi akaja kusimama mlangoni na kisu mkononi.

"Haya, nifundishe."

Nilimfundisha nikiwa nimelala kitandani, na yeye akikata juu ya sinia. Kuanzia siku hiyo kila alasiri alikaanga, na kila asubuhi akaziamsha. Na alituzidi mimi na mama yangu, kwa sababu sisi tuliziamsha kwa umaskini na yeye aliziamsha kwa mali ya kihamba. Yai moja likawa mayai matatu. Maini aliyakaanga na kitunguu, akayafungia ndani ya chapati, akairudisha kikaangoni mpaka ikawa kavu nje. Mtori ambao sikuuweza aliuongeza mchuzi ukawa mwepesi, akatumbukiza vipande vya chapati, na mimi nikaula mtori bila kujua kwamba nimeshindwa vita. Ile ya ndizi mbivu aliimwagia maziwa ya ng'ombe wake pamoja na utando wake, kisha akaipakaa asali juu. Nilikula nikalamba sahani. Baada ya siku chache kanga yangu ilikuwa ikilowa kifuani kabla mtoto hajaamka, na mama mkwe alipoliona lile doa alipiga makofi mara moja tu, akarudi jikoni.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo bado linanichoma.

Shangazi wa mume wangu, dada wa marehemu baba mkwe, alikuja kunitazama, kama ilivyo desturi, na kibuyu cha maziwa. Mama mkwe alikuwa migombani akikata majani. Nilimwamkia shangazi, akaitikia marahaba, akakaa, akainua sahani iliyofunika chakula changu.

"Hii imepikwa leo?"

"Ya jana, shangazi."

"Ya jana. Na unapewa hivi kila siku?"

Palikuwa na nafasi ya kusema. Ningeweza kusema, nimeiomba mwenyewe, mama amehangaika, chakula cha hapa kilinishinda. Lakini niliona aibu. Niliogopa kuitwa msichana wa mjini anayedharau chakula cha watu. Nikatazama chini na kusema, "Ndiyo." Shangazi alifunika sahani polepole, akaaga.

Maneno yalivuka mfereji wa maji uliotutenga na majirani kabla ya jua kuzama. Mimi nilikuwa ndani, sikujua. Niliyajua Jumapili, mume wangu alipotoka kanisani uso umemwiva. Sisi ni Walutheri, na kanisani kwetu asiye na fedha huleta mazao kuwa sadaka, mkungu, mayai, kuku, nayo hunadiwa nje baada ya ibada. Siku hiyo mkungu wa mama mkwe ulipoinuliwa, mwanamke mmoja aliuliza kwa sauti, "Hizo ndizi ni za leo au za jana?" Watu wakacheka. Mama mkwe alisimama palepale mpaka mkungu wake ulipopata mtu, kisha akarudi nyumbani, akavua kitenge cha kanisani, akawasha moto na kukoroga unga wa chapati zangu.

Nilimwambia mume wangu ukweli wote, makamasi na machozi. Akasimama, eti anaenda kwa shangazi sasa hivi. Mama yake alikuwa amesikia kutoka jikoni. Akaja na upawa mkononi.

"Huendi."

"Mama, wanakusema bure!"

"Ukisema alikataa chakula changu watamgeukia yeye. Mimi nimeshasemwa sana, nimezoea. Huyu ndiyo kwanza anaanza kukaa hapa. Mwacheni ale."

Nililia mpaka mtoto naye akalia. Sikuwa nimewahi kupendwa namna ile na mtu ambaye hakunizaa, na mtu ambaye, nawaambia kweli, mpaka siku hiyo nilidhani ananivumilia tu.

Miezi ikatimia. Siku ya kutoka ilipangwa iwe siku ya kumbatiza mtoto. Jumamosi ya kuamkia siku hiyo nilimwomba mama mkwe aniachie jiko. Nilitoa chapati za Ijumaa zote, nikapanga sufuria kubwa ya ndizi mbivu na maziwa, nikaweka makaa juu. Asubuhi nikaifunika kwa jani la mgomba, na juu ya jani nikafunga isale. Jani la isale kila Mchaga analijua, hata sisi tuliokulia mjini. Ni jani la kuombea msamaha, na ukiletewa huwezi kukataa.

Kanisani walinitazama mashavu, wakapeana jicho. Nilikuwa nimenenepa, sifichi. Mtoto alibatizwa akiwa mzito hata mchungaji akabadilisha mkono. Baada ya ibada mnada ukaanza, ikafika zamu ya sufuria yangu. Mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi aliona isale, mkono ukamganda hewani.

"Nani ameleta hii?"

"Mimi," nikasema. "Ni chapati za jana. Za juzi, kusema kweli."

Watu wakaguna. Sadaka ya kiporo! Nikaona nikinyamaza tena nimekwisha, na mficha uchi hazai.

"Nilishindwa chakula cha mzazi, maziwa yakanikauka. Chapati za jana niliziomba mwenyewe. Mama aliona aibu, akanipikia hivyohivyo, nanyi mkamcheka, na mimi nilijua ukweli nikanyamaza. Isale hiyo ni yake."

Mzee wa kanisa, Mungu ambariki, alikohoa na kutaja bei ya kuanzia. Shangazi akainua mkono. Mama mkwe naye, ambaye hajawahi kununua kitu mnadani maisha yake yote, akainua wake. Shangazi akainua tena, mama mkwe tena, mpaka shangazi akaushusha mkono na kuufuta machoni.

Mama mkwe alikwenda mbele, akalifungua lile jani la isale, akalifunga vizuri katika pindo la kitenge chake. Akaomba kijiko. Akachota kipande kikubwa, chenye ndizi na utando wa maziwa, akampelekea shangazi mdomoni mbele ya watu wote.

"Kula, wifi. Ni ya jana."

Shangazi akala. Akatafuna muda mrefu, akameza, akaomba kingine. Hapo wanawake wakaizunguka sufuria na haikufika dakika kumi.

Tulirudi nyumbani kwa mguu, mimi na mtoto mgongoni, yeye na sufuria tupu kichwani. Nilitaka kumwambia aika, asante ya kule, lakini yeye alikuwa ameshatangulia. Tulipofika kwenye mfereji alisimama kunisubiri.

"Uzazi umekwisha," akasema. "Kesho utakata majani ya ng'ombe kama wenzako."

"Ndiyo, mama."

"Na jioni hii chapati unakaanga wewe." Akavuka, kisha akageuka. "Usizimalize. Kesho asubuhi na mimi nitakula."