Karatasi ya Pinki ya Mama Mkwe

Mwenyekiti wa kitongoji chetu ana sauti ya kuitia ng'ombe waliovuka bonde, na Jumapili ile aliitumia yote. Misa ilikuwa imekwisha, watu wamesimama nje wanasubiri matangazo. Akaifungua karatasi ya pinki ambayo mama mkwe wangu alikuwa amempa amsomee, maana yeye hajui kusoma. Akasoma: "Ndugu, mtu ambaye umekuwa naye katika uhusiano wa kimapenzi kwa miezi mitatu iliyopita amekutwa na maambukizi. Tafadhali fika na karatasi hii upimwe magonjwa ya zinaa."

Angeishia hapo ningemsamehe. Lakini bwana huyu akianza kusoma barua haachi kitu, hata muhuri anausoma. Akashuka mpaka chini kabisa, palipoandikwa kwa kalamu jina la mgonjwa, akalisoma jina langu. Majina yote matatu. Babu yangu, aliyelala kaburini kwa amani zake, naye akatajwa kwenye zinaa.

Mama mkwe aligeuka. Alijifunika kitenge mpaka kwenye nyusi, akakohoa mara mbili, akashika njia ya kwenda barabarani. Hakupita hata nyumbani kwangu kuchukua nguo zake. Alipanda gari la kwenda kwao upande wa Mbulu na mpaka leo hajakanyaga kwangu. Mpaka leo anakohoa, na mpaka leo hataki kumsogelea mtu yeyote mwenye koti jeupe. Hicho kikohozi ndicho kinachonifanya niandike, mimi niliyeishia darasa la nne. Aibu yangu si hoja. Aibu yangu nimeshaizoea, siku hizi tunakula sahani moja.

Sasa nirudi nyuma, maana jambo lenyewe halikuanzia kanisani.

Mimi kazi yangu ni kufyatua matofali, hapa Karatu, kwenye udongo huu mwekundu ambao ukifua shati mara kumi bado unajua limetoka wapi. Mtu wa matofali kukohoa si habari. Kiangazi unameza vumbi, tanuru likiwashwa unameza moshi. Kwa hiyo nilipoanza kukohoa nilijiambia ni tanuru. Nilipoanza kutoka jasho usiku nikasema ni blanketi. Suruali ilipoanza kunishuka nikasema ni mkanda. Nilikuwa na jibu la kila kitu. Siku nilipojikokota kurudi kazini nikatema damu juu ya tofali bichi, fundi mwenzangu akaliangalia lile tofali, akasema, "Hili tusiliweke kwenye nyumba ya mtu." Ndipo nikakubali kwenda.

Wakati huo kulikuwa na watu wa utafiti wameweka hema kubwa karibu na zahanati. Walikuwa na kazi mbili: utafiti wa magonjwa ya kifua na utafiti wa magonjwa ya zinaa. Walisema wameyaweka magonjwa yote hema moja makusudi, ili anayeingia pale asijulikane ameingia kwa lipi. Akili hiyo niliisifu, na bado naisifu. Ndani kulikuwa na meza mbili. Meza ya kifua ilikuwa na karatasi za njano. Meza ya zinaa ilikuwa na karatasi za pinki.

Mimi nilikaa meza ya njano. Nikapewa kopo, nikaambiwa nitoe makohozi ya asubuhi, yale ya ndani kabisa. Nikayatoa kwa bidii mpaka jirani akaja kuuliza kama tunachinja. Majibu yalipotoka, kifua kikuu. Mama aliyekuwa akijaza fomu pale mezani akanieleza vizuri, kwa upole, siwezi kumsingizia. Akasema dawa ni miezi sita, usiruke hata siku moja, na mkojo utakuwa mwekundu usiogope. Kisha akavuta kiti.

"Sasa baba, nitajie watu wote uliokaa nao sehemu iliyofungwa miezi mitatu hii. Wa kulala nyumba moja, wa kula nao, wa kunywa nao."

"Wote?"

"Wote. Usimfiche mtu. Tutawaandikia barua waje wapimwe na wao."

Mimi si mtu wa kuficha. Nikamtajia mke wangu. Nikamtajia mafundi watatu tunaokula sufuria moja. Nikamtajia wazee wawili tunaokunywa nao pombe kilabuni, kwa sababu pale kata ya kunywea ni moja na inazunguka. Wa kwanza akikohoa, wa mwisho anakunywa kikohozi. Nikamtaja mwenyekiti wa kitongoji, maana kata hiyo hiyo naye anaishika, na akiishika haiachii haraka. Nikamtaja katekista, aliyekuja kuniombea mara tatu, mlango umefungwa kwa ajili ya baridi.

"Na mama mkwe," nikasema, kisha nikasita.

"Mama mkwe mnakaa naye nyumba moja?"

Hapa lazima nieleze. Kwetu mama mkwe hutazamani naye usoni. Hata kikombe cha chai humpi mkononi. Unakiweka chini, unaondoka, naye anakichukua. Lakini nilipozidiwa alikuja kumsaidia binti yake kuniuguza, na nyumba yangu ina chumba kimoja chenye moto. Tukatundika kanga katikati. Yeye upande wake anakoroga uji, mimi upande wangu nakohoa. Miezi miwili tulikaa hivyo bila kuonana sura, kwa heshima kubwa. Tatizo ni kwamba kanga inazuia macho, haizuii kikohozi.

Mama wa fomu akacheka, akaandika. "Huyu ndiye wa muhimu kuliko wote," akasema. "Ni mtu mzima, na amekaa na wewe sana. Lazima apimwe." Maneno yake mwenyewe hayo. Nayakumbuka kwa sababu ndiyo ninayomdai.

Watu tisa. Akaanza kuandika barua. Ya kwanza ya mke wangu, njano. Ya pili ya fundi mmoja, njano. Akainua kasha, akalikung'uta, tupu. Akamwita mwenzake wa meza ya pili.

"Karatasi zangu ziko wapi?"

"Zimebaki kwenye gari."

"Gari liko wapi?"

"Endulen."

Gari lilikuwa limeingia hifadhini asubuhi kupeleka vifaa Endulen, na dereva alisahau kushusha kasha la njano. Akapigiwa simu. Akasema amekaribishwa mbuzi, na hata akiondoka sasa hivi hawahi lango, maana likifungwa jioni limefungwa, halimjui mtafiti wala twiga. Nilimsikia kwa masikio yangu, na kwenye simu nilisikia hata mtu akimwambia aongeze ndimu.

Mama wa fomu akakata simu. Kisha akanyoosha mkono kwenye meza ya pili akachukua karatasi za pinki.

Nikamuuliza, "Mama, hizo si za wale wengine?"

"Karatasi ni karatasi, baba. Muhimu ni jina na tarehe. Wakifika hapa tutawaelekeza."

"Wakisoma je?"

"Nani anasoma barua ya zahanati? Watu wanaangalia muhuri wanakuja."

Na kwenye za pinki hapakuwa na nafasi ya jina la mgonjwa, kwa sababu waliozitengeneza walikuwa na akili. Yeye akaongeza kwa kalamu, chini, kwa mwandiko mzuri sana, kama alivyozoea kwenye za njano. Karatasi saba. Mimi nilikuwa nimekaa pale. Sikuweza kusoma haraka kiasi cha kumzuia, na homa ilikuwa imenipanda, lakini nilikuwa nimekaa pale. Hilo ni kosa langu na nimelikubali. Wengine makosa yao hawajayakubali.

Barua kwetu hazipelekwi nyumba kwa nyumba. Anapewa mwenyekiti, naye anazigawa Jumapili baada ya ibada, kwa sababu siku hiyo wote wako pale na yeye hana haja ya kupanda vilima. Ndivyo Jumapili ile alivyogawa karatasi zote tisa, moja akaitia mfukoni mwake, ndipo mama mkwe akamwomba amsomee yake.

Alipomaliza kusoma, watu walimsindikiza mama mkwe kwa macho mpaka barabarani. Kisha karatasi nyingine zikaanza kufunguliwa. Katekista aliisoma yake, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya Biblia, akaitoa tena haraka. Mzee mmoja wa kilabuni alisomewa yake na mwenzake, akaniangalia kwa muda mrefu.

"Miaka yote hii nakunywa na wewe," akasema, "na hukuwahi kuniambia."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akacheka kuliko wote, mpaka alipokumbuka mfuko wake. Akaitoa ya kwake. Ilikuwa pinki. Hiyo ndiyo barua pekee katika uongozi wake ambayo aliisoma kimoyomoyo.

Mke wangu ndiye aliyekuwa na njano, basi alielewa mara moja. Alimkimbilia mama yake barabarani kumweleza kwamba karatasi zimechanganywa, kwamba ni kifua. Mama yake akamjibu, "Nimesikia nilichosomewa," akapanda gari. Mke wangu akarudi nyumbani, akakaa, akaniangalia.

"Baba, una wapenzi saba na kuni huwezi kupasua."

Alicheka peke yake, kisha akalia. Mimi nikanywa dawa zangu, nikaenda kukojoa mkojo mwekundu, nikajiambia hata choo changu kimeona haya.

Wazee wa pande mbili walikaa. Nilitoa kondoo, nikatoa asali, kwa dhambi niliyoifanya nikiwa nyuma ya kanga. Wazee wa upande wa mke walikubali kwamba sikukosa. Lakini kwa mama mkwe kondoo hakufika. Alituma neno kwa binti yake: "Huyo aliyeandika, aje aniambie kwa mdomo wake, mbele ya kaka zangu, kwamba aliandika uongo. Kabla ya hapo sipimwi na mtu. Nikienda pale safari hii wataandika nini? Kwamba nimezaa na padri?"

Basi nikaenda kumtafuta aliyeandika. Mara ya kwanza, mlinzi wa ofisi yao pale mjini aliniambia mama wa fomu amehamia utafiti mwingine. Mara ya pili nilimpata mkubwa wao, bwana mpole mwenye fulana ya twiga. Akaniambia, "Mzee, ulisaini fomu ya kukubali kushiriki." Nikamwambia nilisaini kukohoa, sikusaini kuoa mama mkwe. Akaniambia kuna sanduku la malalamiko pale ukutani. Nikaandika, nikatumbukiza. Mara ya tatu nikamuuliza kama wamelisoma. Akasema sanduku lina kufuli, na ufunguo anao mtu wa Dar es Salaam. Akanipa mche wa sabuni.

Sabuni nimeitumia. Sikuona sababu ya kuionea sabuni.

Utafiti ulipokwisha walituita kwenye mkutano wa mrejesho, viti vya plastiki, soda. Yule bwana akasimama, akasema kwamba katika maeneo yetu watu wengi walioandikiwa barua hawakufika kupimwa kifua, kwa sababu ya uelewa mdogo wa jamii na mila. Mila. Mimi nikanyoosha mkono. Nikasema, kwangu mimi barua zilikuwa tisa. Wawili wa njano walifika, wakapimwa, wako salama. Saba wa pinki hawakufika. Sasa hiyo ni mila gani, ya rangi? Watu wakacheka sana. Yule bwana naye akacheka, akasema, "Asante kwa mchango, mzee," akaita swali lingine.

Baadaye wanaume sita wa pinki walikwenda kupimwa wenyewe, polepole, mmoja mmoja, kila mmoja akipita njia ya nyuma. Katekista alikwenda wa mwisho. Mwenyekiti aliambiwa mapafu ni mazuri, apunguze kata. Wote wazima. Aliyebaki ni mmoja tu, na ndiye yule aliyeambiwa ni wa muhimu kuliko wote.

Mwezi uliopita mke wangu alikwenda kumwona. Aliporudi hakutania. Anasema mama amepungua, kitenge kinamzunguka mara mbili. Anasema anakohoa akiwa amegeukia ukutani ili mtu asimsikie, na anatoka jasho usiku. Mimi dalili hizo nazijua, nilizibeba mwilini mwangu nikizipa majina mengine. Dawa zipo, za bure, nimezimeza miezi sita nikapona. Yeye anazikataa kwa sababu ya karatasi.

Kwa hiyo nasema wazi. Dereva, wewe ulisahau kasha, na mbuzi wako nimeshakusamehe. Mwenyekiti, wewe una sauti, na yako yamekupata. Lakini wewe mama wa fomu, ulijua karatasi ni za nini, ukaandika. Na wewe bwana mkubwa, uliambiwa mara tatu, ukasimama mbele ya watu ukasema ni mila. Mna gari. Njia ya Mbulu mnaijua. Mnajua kutoka kwenye fomu zenu mtu huyu ni nani na yuko wapi. Nendeni mkakae kwenye uwanja wake, mbele ya kaka zake, mseme kwa midomo yenu kwamba mliandika uongo, kisha mmpe kopo. Kama hamwendi, niambieni nani atakayejibu siku akifa: ninyi, au uelewa mdogo wa jamii?