Nilivyokwenda Kigali Kuyatetea Mawimbi

Niliondoka Dar es Salaam kwa hasira, na sioni haya kusema hivyo. Profesa wangu alitaka niifute sura ya mawimbi katika tasnifu yangu. Kwake, wimbi lina utaratibu na msukosuko ni fujo tupu, havina undugu. Mimi nashikilia kwamba wimbi likikulia ndani ya maji yenye kasi tofauti, ndilo linalouzaa msukosuko. "Lete ushahidi," akasema. Maabara iliyokubali kunipokea iko Kigali, nikapanda basi.

Rusumo, mpakani, tulivuka daraja kwa miguu. Abiria wenzangu walipiga picha za maporomoko. Mimi nilikazia macho sehemu ya juu, pale maji ya kasi yanapopita kando ya maji ya polepole ya ukingoni. Vijiwimbi vilikuwa vinazaliwa palepale. Nikazidi kuwa mbishi.

Kigali nilipokewa na Dada Clarisse, Mnyarwanda aliyekulia Karagwe, msimamizi wa maabara. Alinilaza kwake Kinyinya, akanilisha isombe, kisamvu cha kwao, na asubuhi tukawasha pampu ya mfereji wa kioo. Tukadondosha wino mwekundu. Ukanyooka kama uzi hadi mwisho, bila wimbi lolote! Tulirudia mpaka mchana, na moyo ukanishuka kweli.

Ndipo nikauona wavu pale maji yanapoingilia.

"Huu wa nini, dada?"

"Iko ya kutuliza maji, sha. Hapa kila mtu anaanza na maji sawasawa."

"Basi mnaliua wimbi kabla halijazaliwa! Mto gani una wavu?"

"Oya, hapana! Ukiitoa, matokeo iko chafu."

"Siutoi wote. Naukata nusu."

Alisonya, akanitazama, kisha yeye mwenyewe akaleta mkasi.

Mchana huo nusu ya maji ilipita kwenye wavu polepole, nusu ikakimbia. Wino tuliudondosha pale nusu hizo zinapokutana. Ukayumba. Wimbi likanenepa kwa kula ile tofauti ya kasi, likajikunja, likavunjika, na mbele kidogo mfereji mzima ukawa vurugu nyekundu. Nilipiga vigelegele.

"Rudia," Clarisse akasema, akirekodi kwa simu. Tukarudia, likaja tena.

Dar, Profesa aliitazama video, akaguna. "Mfereji mmoja tu. Kaifute."

Nimejifunza kwamba ukiyasawazisha maji kwanza, utaapa mpaka kiama kuwa mawimbi hayana hatia. Sura sikuifuta. Nimeifanya ya kwanza, na siku ya kuitetea tasnifu nitaanza nayo, Profesa akiwa kiti cha mbele.