Sanduku Lililolia Kama Cherehani

Nakumbuka Jumamosi moja ya Njoro, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu, na hilo usimwambie mama yako. Jana niliwaona mkinyang'anyana simu hapo nje, kila mmoja akitaka kuhakikisha mwenzake hajamfuta kwenye video ya wimbo wenu. Nilicheka kidogo, kisha nikaingia ndani nikakaa. Hebu kaa na wewe. Chai ipo.

Tulikuwa watatu, kidato cha tatu, miaka ya sabini ikianza. Mimi nilikuwa mwimbaji, na ndoto zangu zilikuwa kubwa kuliko sauti. Kiprono alipiga gitaa. Jaspal, ambaye baba yake aliuza vitambaa Nakuru mjini, ndiye aliyeleta kamera ya sinema. Ilikuwa ya mjomba wake mpiga picha, kisanduku cha chuma kilichotiwa ufunguo kama saa ya mezani. Ilishika picha tu, haikushika sauti. Kwa hiyo tukapanga hivi: siku ya kufunga shule picha ipite kwenye shuka ukutani, nasi tusimame kando tukiimba, midomo ya kwenye shuka na midomo yetu iende pamoja.

Jaspal alichora visanduku kwenye daftari, kila kimoja kipande kimoja cha sinema. Cha kwanza, mimi katikati ya mabua ya ngano iliyovunwa. Cha pili, Kiprono kwenye reli. Hivyo hivyo hadi tisa. Filamu ilikuwa moja tu, ya dakika chache, basi kila kisanduku tulikirudia mara nyingi kabla ya kukipiga, huku yeye akipiga makofi ya kuhesabu. "Mwangi, umechelewa. Fungua mdomo kabla ya gitaa, si baada."

Jumamosi ya kwanza tuliimba mpaka koo zikakauka, kamera ikilia kama cherehani. Mwishoni Jaspal akatabasamu. "Hayo yalikuwa mazoezi. Filamu sijaweka. Ningewaambia mngelegea."

Mimi nilicheka. Kiprono hakucheka. Tukirudi bwenini akaniambia, "Sikiza, Mwangi. Kama leo ilikuwa tupu, kesho utajuaje? Na umeona yale masanduku ya mbao nje ya duka la baba yake? Wanahamia Uingereza hao. Huyu atatupiga sinema aende kutuonyesha huko kama flamingo wa ziwani. Au anatuchezea tu, hakuna kitu ndani."

Laiti ningemwambia anyamaze. Nilikuwa na moyo mwepesi, mwanangu, wa kulia hata kuku akichinjwa, lakini neno lile liliingia likakaa. Kuanzia siku hiyo nilimwangalia Jaspal kwa jicho lingine. Kwa nini anaifunika kamera kwa koti? Kwa nini yeye na mjomba wake wanasema Kipunjabi halafu wanacheka? Na kwa nini alituambia, "Kifuniko hiki asikiguse mtu," bila kusema sababu? Mtu akishaanza kuangaliwa hivyo, hata akipiga chafya inakuwa ushahidi. Wala hakujua. Aliendelea kutuletea chapati za mama yake, nami nikizila nikijiuliza anataka kuficha nini.

Sasa ile Jumamosi yenyewe. Tulikuwa stesheni ya Njoro, kisanduku cha nane. Jaspal alikuja na kilemba kipya cha samawati. Akasema kwa haya, akitazama chini, "Hiki cha nane nataka kuwa ndani na mimi. Mara moja tu." Akampa karani wa stesheni kamera, akamwonyesha pa kubonyeza, akaja akasimama kati yetu. Tukaimba. Kumbe alijua maneno yote, mpaka yale niliyokuwa nikiyasahau mimi.

Kilibaki kisanduku cha tisa, treni ikipita. Tukaisubiri. Jaspal akaenda kunywa maji kwenye bomba, akaiacha kamera kwenye benchi, karibu na goti langu. Kiprono akanitazama, akainua nyusi.

Nikafungua kifuniko. Jua lilikuwa kali. Nikaona utepe mwembamba umezungushwa vizuri, nikafunga haraka. Filamu ilikuwepo. Unajua nilihisi nini? Furaha. Jaspal aliporudi nilimpiga bega kama ndugu. Treni ikaja, akaipiga picha.

Filamu ilitumwa ng'ambo kusafishwa, ikarudi baada ya wiki nyingi. Siku ya kufunga shule tuliziba madirisha ya ukumbi kwa mablanketi. Tuliimba, na kwenye shuka midomo yetu ikaimba nasi, na ukumbi ulishangilia mpaka mwalimu mkuu akasimama. Mabua yale ya ngano yaling'aa. Kisha kikafika kisanduku cha nane. Shuka likawa jeupe. Likabaki jeupe wakati sisi tunaimba, jeupe tupu, halafu treni ikapita, safi kabisa.

Mtu akapiga kelele kutoka nyuma, "Fundi, umejichoma mwenyewe." Watu wakacheka. Jaspal akasema taratibu, "Huo ni mwanga. Kuna mtu alifungua kifuniko, ukachoma cha nane kilichokuwa juu." Kiprono akatazama viatu vyake. Nami nikatazama vyangu.

Nilimfuata hadi kwenye tangi la maji, nikamwambia. Nilitaka anipige. Akasema, "Ungeniuliza tu, Mwangi. Ningekuingiza chini ya blanketi, gizani, uiguse kwa mkono wako."

Akaniambia kwamba ni kweli wanahama, mwezi ule ule. Halafu akatoa kopo la filamu kwenye mfuko wa shule, akanipa.

"Si utaondoka nayo?" nikamuuliza.

"Niende kumwonyesha nani? Mimi simo."

Sikumwona tena. Lile kopo ndilo lile lililo kabatini, mliloniuliza mara ngapi lina nini.

Kwa hiyo, mwanangu, sikia. Ukimshuku mwenzako, mwendee umuulize, hata kama ulimi ni mzito, hata kama utaonekana mjinga. Usipekue vitu vyake kisirisiri ukijidai unatafuta ukweli. Mimi niliupata ukweli, na kwa kuutafuta vile nikamfuta rafiki yangu. Na anayekunong'oneza habari za mwenzako, mwambie akaziseme mbele ya huyo mwenzako. Sasa toka nje, uwarudishie wenzako hiyo simu uliyowanyang'anya, na yule anayewashikia kamera siku zote, mwambieni leo aje asimame katikati. Mungu akupe marafiki wa kuimba nao, na akikupa, akujalie uwaone wote kwenye picha mpaka uzeeni.